Siku 90 za Kwanza Baada ya Kutolewa Kibofu



Kibofu cha mkojo kikishatolewa kwa sababu ya saratani, sote tunauliza uvimbe umetoka wote au la. Lakini kinachomsumbua mgonjwa wodini mara nyingi ni utumbo. Kipande cha utumbo mwembamba, sentimita 15 hivi, hukatwa na kuunganishwa na mirija inayotoka kwenye figo, kisha mdomo wake hutolewa kwenye ngozi ya tumbo. Kwa hiyo kuna mishono ya kulinda pande mbili: pale utumbo ulipoungwa upya, na pale mkojo unapopita.

Mwaka 2009 hospitali ya Memorial Sloan-Kettering, New York, ilitoa hesabu ya wagonjwa 1,142. Asilimia 64 walipata angalau tatizo moja ndani ya siku 90. Mengi yalikuwa madogo. Waliopata makubwa walikuwa asilimia 13. Yaliyoongoza ni ya tumbo, yakafuatiwa na maambukizi, kisha ya kidonda. Na hiyo ni hospitali isiyokosa vifaa. Kwetu, hasa kule kichocho cha mkojo kinakochangia saratani hii, wengi hufika wamekojoa damu kwa miezi, wamekonda na damu imepungua. Mgonjwa wa namna hiyo aongezewe damu na lishe kabla ya kisu.

Utumbo kugoma ndiyo shida tutakayoiona zaidi: siku ya nne au ya tano tumbo limejaa, mgonjwa anatapika nyongo. Kutembezwa mapema na kutafuna chingamu husaidia utumbo kuamka. Mzee hatakujibu kama amejamba ukimuuliza mbele ya mkwe wake. Vuta pazia kwanza. Lakini tumbo lililogoma huku mapigo ya moyo yakipanda na homa ikianza, usiliite gesi. Huenda mshono umeachia.

Hapo itazame chupa ya dreni. Ikijaa ghafla huku mfuko wa mkojo ukipungua, usiandike mililita ukaondoka. Chota majimaji kidogo, yapelekwe maabara kupimwa kreatinini pamoja na ya damu. Ya dreni ikiizidi ya damu mara kadhaa, huo ni mkojo unaovujia tumboni. Kagua pia mdomo wa utumbo kila zamu: uwe mwekundu na wenye unyevu. Ukigeuka bluu au mweusi, daktari wa upasuaji aitwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Damu kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni hutokea hata baada ya ruhusa, ndiyo maana sindano za kuzuia huendelea mpaka wiki ya nne. Nani atazichoma kijijini, na nani atazilipia? Homa yenye maumivu ya kiuno nayo hupenda kuanzia nyumbani. Napendekeza mjadala wetu uanzie hapo: karatasi ya ruhusa iandikwe nini, na simu ya wodi ipokelewe na nani.