Mwanao Anapokimbia Masafa Marefu Peke Yake

 Karibu, mama. Karibu nawe mlezi, shangazi, bibi, mjomba, ambaye kijana wa watu analala chini ya paa lako.

Leo tuzungumze kuhusu kijana anayejiandaa kwa mbio za marathoni. Alfajiri umesikia mlango ukifunguliwa. Ametoka. Saa mbili hajarudi. Saa tatu hajarudi, na jua limeshapanda. Moyo unakwenda mbio kuliko miguu yake. Unajiuliza: nimfuate, au nitamtia aibu mbele ya wenzake?

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Anayejiandaa huwa na siku moja katika wiki ya kukimbia masafa marefu, pengine kilomita 20, pengine 30. Siku hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, na aliye peke yake huiona ngumu mara mbili. Hana wa kumwambia "twende", wala wa kumwambia "leo basi, turudi".

Vijana wetu husikia habari za wakimbiaji wa Iten na Kaptagat wakataka kufanya kama wao. Ni vizuri. Lakini mwambie mambo mawili. Kwanza, kule ni juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi kuna baridi. Sisi tuko karibu na bahari. Hewa yetu ina unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Pili, wale hukimbia kwa makundi. Hata Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki wa 2016 na 2021, amefanya mazoezi yake pamoja na wenzake kwa miaka mingi.

Sasa, mama, utamsaidiaje?

Anza usiku wa kuamkia siku hiyo. Mpe chakula cha kutia nguvu: wali, ugali, viazi au ndizi, na mboga yake. Alale mapema. Asubuhi ale kidogo, labda uji au ndizi mbivu, anywe na maji. Kama ana homa, anaharisha, au ndiyo kwanza amemaliza dawa za malaria, asikimbie. Akiwa amefunga Ramadhani, mbio ndefu zingoje; akimbie kidogo karibu na wakati wa kufuturu. Na kama mwanao ana ugonjwa wa selimundu, asianze mazoezi haya kabla ya kuzungumza na daktari.

Saa ya kutoka, hapa kwetu, ina mtego wake. Jua linasema: toka mapema. Mto unasema: subiri. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kulisha na hurudi mtoni karibu na alfajiri. Anayekimbia gizani kando ya mto anaweza kukutana naye njiani, na kiboko humshinda binadamu mbio. Kwa hiyo atoke kukishapambazuka vizuri, apite njia iliyo mbali na mto, na amalize kabla jua halijawa kali. Kiu ikimshika asiteremke mtoni kunywa. Kuna mamba, na maji hayo yasiyotibiwa yanaweza kumletea kipindupindu au homa ya matumbo.

Dawa ya upweke na ya kiu ni moja: mizunguko. Badala ya kwenda moja kwa moja mbali na nyumbani, achague njia ya kilomita 4 inayopita mlangoni pako. Akiizunguka mara 5 amemaliza kilomita 20. Kila mzunguko anakuona, anakunywa, na wewe unamtazama uso. Na hata akili inapumzika, kwa maana kilomita 20 zinatisha, lakini 4 mtu huziweza. Miguu ikigoma, atembee dakika chache kisha aanze tena. Kutembea si kushindwa. Nayo siku ikikataa kabisa, arudi nyumbani. Mbio moja iliyokatizwa haimharibii mazoezi ya miezi mitatu.

Je, anywe maji kiasi gani? Anywe kwa kadiri ya kiu. Wengine hudhani maji mengi hayana madhara. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio, wakakuta 13 kati ya kila 100 wamepungukiwa na chumvi mwilini. Sababu kubwa ilikuwa kunywa kupita kiasi. Mwaka huo huo mwanamke mmoja alifariki katika mbio hizo kwa tatizo hilo. Basi usimlazimishe kumaliza jerikeni. Akirudi, mpe maji, dafu na chakula chenye chumvi.

Sasa sikiliza kwa makini, mama, maana hapa ndipo penye uhai wa mtu.

Kijana aliyechoka tu hukaa kivulini, akakujibu vizuri, na baada ya muda akaomba chakula. Huyo mwache apumzike. Aliyepigwa na joto ni mwingine. Anayumba kama mlevi. Maneno yake hayaeleweki, au anakasirika bila sababu. Anatapika, anaanguka, pengine anapata degedege au kuzirai. Mwili unachoma, na hata kama bado anatoka jasho, usidanganyike.

Usimwambie alale kwanza. Usimpe panadol, kwa sababu hii si homa. Mtie kivulini, mpunguzie nguo, ummwagie maji mwili mzima, tena na tena, huku wengine wakimpepea. Lowesha leso umweke shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Kama ana akili timamu, anywe kidogo kidogo. Kama amechanganyikiwa au amezirai, usimtie kitu mdomoni; mlaze ubavu. Tuma mtu atafute gari au boti, lakini usiache kumwagia maji huku mnasubiri, wala njiani kuelekea hospitali. Safari zetu ni ndefu, na kila dakika anayokaa na joto lile inaumiza ubongo, figo na ini. Anza kumpoza hapo hapo alipoanguka.

Na aliyechanganyikiwa baada ya kunywa maji mengi mno, vidole vimevimba na kichwa kinamuuma sana, usimwongezee maji ya kunywa. Huyo naye ni wa hospitali, upesi.

Neno kuhusu binti zetu. Msichana anayekimbia akichoka kuliko kawaida, au siku zake zikikatika kwa miezi, huenda damu ni pungufu au chakula hakitoshi. Mpeleke akapimwe. Usimkataze kukimbia. Catherine Ndereba alikuwa tayari mama wa mtoto alipokimbia Chicago mwaka 2001 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, akavunja rekodi ya dunia ya wanawake.

Aliye chini ya miaka 18 asikimbie marathoni. Mbio fupi zinamtosha kwanza, na mbio nyingi kubwa hazimruhusu.

Kabla sijaaga, nakuachia maswali matatu ya kumuuliza mwanao kabla hajatoka: Unapita njia gani? Utarudi saa ngapi? Maji yako yako wapi? Saa mliyoagana ikipita kwa nusu saa, mfuate kwa boda boda, ukiwa na maji na leso. Ukimkuta mzima, anatembea huku anacheka, mcheke naye mrudi nyumbani. Aibu hiyo itakwisha jioni.