Tumfungulie Nani Mlango?

Aliye na Biblia karibu na afungue Waraka wa Yakobo, mlango wa pili, kuanzia aya ya 14 mpaka ya 17.

Hapo Yakobo anatueleza jambo ambalo hata mtoto hulielewa. Ndugu mmoja amefika hana nguo, wala hana chakula cha siku hiyo. Anapokelewa kwa maneno matamu, anatakiwa heri, anaambiwa aende akaote moto na kushiba. Kisha anaondoka kama alivyokuja, mikono mitupu na tumbo tupu. Yakobo anataka kujua maneno yale yamemsaidia nini. Naye anaifananisha imani ya namna hiyo na maiti: ina umbo, lakini haina pumzi. Wazee wetu nao walilijua jambo hili waliposema kwamba maneno matupu hayavunji mfupa.

Basi, tutazame jinsi imani yenye pumzi ilivyoonekana hapa kwetu Kenya.

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, utafika mahali paitwapo Kengeleni. Wengi hushuka hapo kila siku, wakaenda sokoni au kazini. Jina hilo limetokana na kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Kengele ile iliwaita watu kwenye ibada, na iliwaonya pia kwamba hatari inakuja. Ilipolia kwa hatari, Mkristo hakupiga magoti tu. Aliinuka akamlinda jirani yake.

Miongoni mwa Wakristo wa siku zile walikuwako Waafrika waliokamatwa utumwani wakiwa watoto, wakaokolewa baharini na kupelekwa Bara Hindi. Huko walisoma na kufunzwa kazi za mikono, kisha wakarudi pwani yetu kutumika. Mmoja wao alikuwa William Jones, ambaye mwaka 1885 alibarikiwa kuwa shemasi na Askofu James Hannington. Jones alifanya kazi yake Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa.

Huko Rabai watu walianza kuwasili wakiwa wamewatoroka mabwana zao. Walikuja usiku, wengine na watoto migongoni. Neno gumu lilikuwa hili: utumwa wenyewe ulikuwa bado halali katika pwani yetu, nao haukufutwa mpaka mwaka 1907. Mabwana walikuja juu wakidai mali yao. Wakuu wa Kiingereza hawakutaka misheni ziwapokee watoro, kwa kuwa waliogopa fujo. Kumfungulia mtoro mlango kulikuwa ni kuhatarisha kijiji kizima.

Wakristo wa Rabai, pamoja na Jones, waliwafungulia. Waliwapa mahali pa kulala na ardhi ya kulima. Jones hakuhitaji mtu wa kumweleza utumwa ni nini, maana aliuonja mwenyewe. Tena, katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 23, aya ya 15 na 16, Mungu aliwakataza Israeli kumrudisha mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Aliwaagiza wamwache akae kati yao, mahali atakapopachagua.

Mwaka 1888 watoro waliokaa katika vituo vya misheni walihesabiwa, wakaonekana kuwa zaidi ya 1,400. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani wakati ule, chini ya George Mackenzie, ilikubali kuwalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watu wale wakapewa hati za uhuru. Sisi tukumbuke kwamba siku ile ya furaha ilitanguliwa na miaka ya hofu. Kabla ya hati kuandikwa, kulikuwa na mtu aliyesikia hodi usiku, naye akaamua kuinuka.

Wapenzi wasikilizaji, je, siku hizi hakuna abishaye hodi?

Rabai leo imo katika Kaunti ya Kilifi. Katika kaunti hiyohiyo wako wazee, wanaume kwa wanawake, ambao wamezikimbia nyumba zao kwa sababu wameitwa wachawi. Wako waliouawa. Mara nyingi neno huanzia matangani: kijana amefariki, moyo wa familia unauma, na mtu ananong'ona jina la babu. Nyuma ya mnong'ono huo mara nyingi kuna ugomvi wa shamba. Mzee anakuwa na mvi, macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko miaka mingi, na hayo yanahesabiwa kuwa ushahidi. Jambo hili si la Kilifi peke yake; limetokea Kisii na mahali pengine pia.

Mzee kama huyo akija kanisani kwetu Jumapili, tutamwombea. Ni vema, maana sala ndiyo mwanzo wa kazi. Lakini ibada ikiisha na watu wakatawanyika, yeye atarudi kulala wapi?

Hapo ndipo imani yetu inapopimwa. Tunaweza kuyafanya mambo matatu. Kwanza, tukiwa matangani na tukasikia mnong'ono, tusikae kimya. Mkristo mmoja anayesema wazi, kwa upole, kwamba huyu mzee hana hatia, aweza kuuzima moto kabla haujashika nyasi. Pili, tusimwache aende peke yake. Wazee wa kanisa na wamsindikize kwa chifu na kituo cha polisi, wakae na wanawe wazungumzie habari ya shamba lile. Anayetaka kuua huogopa macho ya watu wengi. Tatu, tumpe mahali. Akina mama wa kanisa wakikusanya unga, blanketi na nauli, na nyumba moja ikatoa chumba, mzee atalala salama. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Hatusemi kwamba ni kazi rahisi. Anayemkaribisha aliyeitwa mchawi huenda naye akaitwa hivyo. Majirani wataacha kuja kuomba moto kwake. Yule Msamaria katika Luka, mlango wa 10, alisimama katika njia ileile yenye wanyang'anyi, akatoa mafuta yake, punda wake na fedha zake. Bwana Yesu hakumsifu kwa huruma ya moyoni tu. Alituagiza tufanye kama yeye.

Na pengine katika mtaa wako hodi ni ya namna nyingine. Labda ni mjane ambaye paa lake linavuja, au msichana wa kazi ambaye hajalipwa mshahara wake, au mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo. Usingoje mkutano wa kamati. Anza na huyo aliye mlangoni pako leo, kisha waite wenzako, maana kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyekuwa mgeni nasi tukakaribishwa kwako, utupe masikio ya kusikia hodi usiku. Utuondolee hofu inayofunga milango yetu. Uwalinde wazee wote wanaolala leo mbali na nyumba zao, na ututume kwao sisi wenyewe. Tunaomba katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.