Kituo Kwanza, Chumba Baadaye

Dalali wa Kimara, Dar es Salaam, siku hizi haanzi na maji wala umeme. Anaanza na kituo: "Hapa mpaka mwendokasi ni kutembea tu, bosi." Kwa maneno hayo tu, kodi imeshapanda.

Mabasi hayo ya mwendokasi yalianza Mei 2016, na tawi moja la njia linaishia Gerezani, pembeni mwa Kariakoo. Muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, palepale Kariakoo, akaweza kulala Kimara na bado akawahi kufungua duka. Kimara nayo ikachangamka: mawakala wa fedha, maduka ya dawa, chipsi mpaka usiku wa manane. Shida ndogondogo hazimpeleki mtu mjini tena.

Lakini tusidanganyane. Asubuhi basi linagombewa, wengine wanaingilia dirishani, na ukilisubiri Ubungo linakukuta limeshajaa. Ukaribu wa kituo bila nafasi ndani ya basi, huo ni ukaribu wa kutazama.

Kwa hiyo, msikilizaji unayetafuta chumba, usiende na dalali saa nne asubuhi. Nenda mwenyewe kituoni saa kumi na mbili, siku ya kazi, ndipo utoe kodi ya miezi sita.