Ujira wa Siku Ile Ile

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:14-15

Somo letu la leo ni fupi, mistari miwili tu ya sheria ya Musa. Mungu awaagiza watu wake kwamba kibarua maskini, awe ndugu yao au mgeni, alipwe kabla jua halijatua. Sababu nayo imetolewa: mtu huyo hana kingine cha kutegemea.

Basi twende Bofa, hapa Kilifi. Asubuhi mashua zirudipo, akina mama karanga huwa wamekwisha kufika ufuoni na ndoo zao. Mama hununua samaki, pengine kwa fedha mkononi, pengine kwa ahadi ya kulipa jioni. Hununua mafuta na kuni. Huwapaa samaki, huwakaanga, kisha huketi kando ya njia akiuza. Akiwamaliza, hulipa deni la mashua, huweka kando fedha za kununulia kesho, na kinachosalia ndicho unga wa watoto.

Sasa aja jirani mwenye mshahara, achukua samaki wawili, asema, “Mama, nitakulipa mwisho wa mwezi.” Jirani huyu hadhani kwamba ametenda dhambi, na huenda Jumapili akasoma somo kanisani kwa sauti nzuri. Lakini fedha alizoondoka nazo si faida ya mama. Ni mtaji wake. Wakija watatu wa namna hiyo, kesho mama hana cha kununulia samaki, naye hukaa nyumbani, wala si kwa uvivu.

Vivyo hivyo kwa wanawake washonao makuti ya kuezekea hoteli na nyumba za wageni, na kwa kibarua wa mjengo aambiwaye Jumamosi jioni, “Njoo Jumatatu.” Kijana wa bodaboda asiye na pikipiki yake humpelekea mwenyewe fedha kila jioni, awe amepata abiria au hakupata.

Wako watu wawaitao hawa “wasio na kazi.” Neno hilo si kweli. Mwaka wa 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ulioitwa na serikali yetu kutazama habari za ukosefu wa kazi, uliandika kwamba mafundi na wachuuzi wadogo wa Kenya wanafanya kazi ya maana, na kwamba shida yao kubwa ni kusumbuliwa na kuvunjiwa vibanda badala ya kusaidiwa. Leo hesabu za serikali zaonyesha kwamba nje ya kilimo kidogo, zaidi ya wafanyakazi 8 katika kila 10 wamo katika kazi hizi tuziitazo jua kali. Paulo mwenyewe alikuwa mshona mahema kule Korintho, twasoma hayo katika Matendo 18. Angefika Bofa, twadhani angeketi na washona makuti kabla ya kuulizia nyumba ya mchungaji.

Yako mambo mawili tuyawezayo. La kwanza, tulipe leo. Simu tunazo mifukoni, na fedha hufika mara moja.

La pili lahusu ugonjwa. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa imekuwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi bila hata kukumbuka. Asiye na mshahara aliwekewa kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, na kanuni ilipoanza alitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mara moja, yaani shilingi 3,600. Mama karanga azipate wapi kwa siku moja? Lakini shilingi 10 kwa siku aweza. Kikundi cha kanisa chaweza kuzipokea, kuziandika katika daftari mbele ya watu wote, na kuzilipa kwa jina lake zikitimia. Daftari moja na mweka hazina mwaminifu vyatosha. Siku ambayo hakuuza, wenye mishahara wamtilie shilingi 10 zake, bila kumtangaza.

Tena kikundi hicho kisikutane saa za mashua kurudi. Twaita mikutano saa nne asubuhi, kisha twauliza mbona akina mama wale hawaji!

Tuombe. Bwana Yesu, uliyefanya kazi ya useremala Nazareti, wakumbuke waliopanga samaki kando ya njia jioni hii. Watume wanunuzi. Nasi tulio na deni kwao, usituache tulale kabla hatujalipa. Amina.