Antena ya Kitanzi kwa Mti wa Mkonge
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya sayansi. Badala ya nasaha nimekuja na kifaa hiki mnachokiona mezani: miti miwili na waya. Ni antena ya kitanzi, ya kusikilizia redio za masafa ya chini.

Wanaredio wa ridhaa, yaani watu wanaowasiliana kwa redio kwa kujifunza wala si kwa biashara, walitengewa masafa mawili ya chini na mikutano ya kimataifa: kilohezi 135.7 hadi 137.8 mwaka 2007, na kilohezi 472 hadi 479 mwaka 2012. Wimbi la kilohezi 136 lina urefu wa mita 2,200 hivi. Antena ya robo ya wimbi hilo ingetaka mlingoti wa mita 550, sawa na viwanja vitano vya mpira vilivyosimamishwa wima! Kitanzi hakishindani na wimbi kwa urefu. Chenyewe hunasa nguvu yake ya sumaku.

Mara ya kwanza nilitumia fremu ya nondo iliyochomelewa, nisisikie kitu. Pete ya chuma iliyofungwa hula nguvu ile ile unayoitafuta. Ndipo nilipokumbuka mali ya Tanga. Mkonge, ulioletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, hutoa mti mrefu wa maua kabla ya kufa. Mti huo ukikauka huwa mwepesi na haupitishi umeme.

Kata vipande viwili vya sentimita 141, uvifunge kwa mfano wa msalaba. Utapata mraba wenye upande wa mita 1. Katika kila ncha pigilia kibao chenye mikato 12. Zungusha waya wenye ganda la plastiki mara 12, ukiacha sentimita 1 kati ya mzunguko na mwingine. Waya utakaotumika ni mita 48. Ncha zake ziunganishe na kapasita ya kugeuza kutoka redio kuukuu, yenye sehemu mbili za pikofaradi 365, nazo uziunganishe pamoja. Utafika tangu karibu kilohezi 330 hadi karibu 1,000. Kwa kilohezi 136, ongeza sambamba nayo kapasita mbili, moja ya pikofaradi 3,300 na nyingine ya 330. Mzunguko mmoja wa waya wa pembeni, ndani ya fremu, ndio uingie katika redio yenye masafa hayo. Kwa mawimbi ya kati, redio ndogo ya kawaida ikiwekwa karibu yatosha.

Kitanzi husikia upande wa kingo zake, na huwa kiziwi upande wa uso wake. Bonde la Kongo ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi kabisa duniani. Uso wa fremu ukielekea huko magharibi, mikwaruzo ya radi hizo hupungua, nawe ukabaki na pwani, kaskazini na kusini.

Sasa niwasimulie aibu yangu. Usiku mmoja redio ilijaa mlio mkali. Niligeuza kitanzi hadi mlio ukafifia. Uso wake ulielekea nyumba ya mzee jirani yangu. Asubuhi nikaenda kumlalamikia kuhusu taa zake. Yule mzee, kwa adabu, alizima kila kitu. Mlio haukukoma.

Nilikuwa nimesahau kwamba kitanzi kina nyuso mbili. Hukupa mstari, hakikwambii ni upande upi wa mstari huo. Nilihamisha fremu hadi pembe nyingine ya ua, nikapima tena. Mistari miwili ilikutana jikoni mwangu, penye chaja ya simu. Kikulacho ki nguoni mwako! Nilirudi kwa mzee kuomba radhi, na radhi nikapewa pamoja na kahawa.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo, malalamiko yakifika mezani kwangu kazini, hujiuliza kama nimepima kutoka mahali pawili au pamoja tu.

Vijana, kusikiliza ndiyo hatua ya kwanza. Kurusha mawimbi ni jambo jingine: kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na alama ya wito ya Tanzania huanza na 5H. Msingoje maabara ijae vifaa vya kununuliwa. Fremu hii naiacha hapa shuleni. Ifungueni, mhesabu mizunguko yake, kisha mtengeneze iliyo bora kuliko yangu.