Kompyuta ya Nyumbani Inayofunguka Bila Nywila

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri ya Wilaya ya Magu kwa wakazi wa Kata ya Kisesa



Swali nililoombwa kulijibu ni fupi: je, kompyuta ya nyumbani inaweza kuwekwa iingie yenyewe, pasipo kuandika nywila kila inapowashwa? Inaweza, na si kosa. Mzee ambaye macho yamepungua nguvu, au mama mwenye duka la nyavu ambaye umeme humkatikia mara mbili kabla ya adhuhuri, ana haki ya kuchoshwa na kuandika herufi zilezile.

Kabla sijaeleza namna ya kufanya, tutazame ni nini kinachofunguka. Zamani kompyuta ya nyumbani ilikuwa ya muziki na barua za kuchapa. Leo leseni ya biashara inaombwa kupitia mfumo wa TAUSI, na humohumo mfanyabiashara hupata namba ya kumbukumbu ya malipo. Mwalimu na muuguzi huomba uhamisho, hata mkopo, kupitia mfumo wa watumishi wa umma wa ESS. Kijana anayetafuta kazi serikalini ameweka vyeti vyake Ajira Portal. Na wengi wetu, kivinjari kilipouliza kama kihifadhi nywila, tulikubali bila kusoma. Hapo ndipo penye hatari: mashine ikiingia yenyewe, mlango mmoja uliofunguliwa huifungua na milango mingine yote.

Kisesa ni mji wa wapangaji. Sebule moja hupitiwa na watoto, wajomba, mafundi na jirani aliyekuja kuchaji simu. Simshuku jirani yeyote. Nasema tu kwamba mfumo hauoni sura, huona akaunti. Ombi likitumwa kwa jina lako, kumbukumbu zitakutaja wewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini yake, lakini kuthibitisha kwamba aliyeketi kwenye kiti hakuwa wewe ni safari ndefu.

Ushauri wangu, basi, ni huu: akaunti inayojifungua isiwe ile unayofanyia kazi zako. Nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya akaunti, ufungue akaunti ya pili ya kawaida, isiyo na mamlaka ya msimamizi. Iite ya familia. Humo watoto wasome, wacheze, wachape. Nywila ya huduma yoyote isihifadhiwe humo. Akaunti yako ibaki na nywila yake. Ukitaka kufanya kazi, unatoka katika ile ya familia na kuchagua jina lako.

Sasa utaratibu wenyewe. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R. Katika kisanduku kitakachotokea andika netplwiz, kisha bonyeza Enter. Utaona orodha ya akaunti. Chagua ile ya familia. Juu ya orodha kuna sharti la kila mtumiaji kuandika jina na nywila. Liondolee alama ya vema, uthibitishe. Mashine itakutaka uandike nywila ya akaunti hiyo mara mbili. Iandike nywila yenyewe, si ile PIN. Kwenye Windows 11 sharti hilo mara nyingi halionekani. Rudi kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, katika chaguo za kuingia, uzime kipengele kinachoruhusu kuingia kwa Windows Hello peke yake, kisha ufungue upya dirisha lile la kwanza.

Wapo mafundi wanaopita njia ya mkato kwa kuandika nywila ndani ya rejista ya Windows. Wakatalieni. Kwa njia hiyo nywila hubaki ikisomeka kama ilivyo kwa mtu anayejua pa kuitazama.

Kama kero yako ni urefu wa nywila tu, huenda huhitaji haya yote. PIN ya tarakimu chache au alama ya kidole hutosha, na PIN hiyo hufanya kazi kwenye mashine hiyo peke yake. Aliyeichungulia hawezi kuitumia kwenye kompyuta nyingine.

Ninawaomba hasa wenye kompyuta mpakato, zinazosafiri kwenye daladala na kwenye kivuko: msiziwekee utaratibu huu kabisa. Na mwenye kuuza mashine yake arudishe kwanza alama ile ya vema, kisha afute akaunti zake na nywila zilizo kwenye kivinjari kabla ya kupokea fedha.

Mliokuja na mashine zenu, Afisa TEHAMA yuko meza ya mbele. Ataanza na wazee.