Kabla Hujanunua Gari Lililokwisha Tumika



Wenzangu kadhaa wameniuliza kwa nini gari langu lina kovu ubavuni. Nimepewa nafasi nieleze.

Mwaka 2019 nilinunua Dar es Salaam gari lililokwisha tumika, kwa mkopo wa mshahara. Linang'aa, injini inanguruma taratibu. Nikalileta Morogoro, karibu kilomita 190, bila matata yoyote, nikajisifu sana. Jumamosi iliyofuata nikampakia mke wangu na watoto wawili, twende Mgeta kwa wakwe. Kupanda tulipanda vizuri. Katika kuteremka, nikikanyaga breki kila kona, mara pedali ikazama hadi chini. Nikatia gia ndogo, nikavuta breki ya mkono, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Upande wa pili, mnaoijua njia ile mnajua kuna nini.

Ajabu ni kwamba baada ya nusu saa pedali ilikuwa ngumu tena! Fundi alipofungua kopo la mafuta ya breki aliyakuta meusi. Vijana wa fizikia watanielewa. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Breki zikipata moto mkali, maji yale huchemka yakawa mvuke, na mvuke hubonyea ambapo mafuta hayabonyei. Mguu wako unabana mvuke, breki haipati kitu. Barabara ya kutoka Dar isingeweza kunionyesha jambo hilo.

Basi, gari likaguliwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Gusa bonneti kwanza. Ukikuta muuzaji amekwisha kuliwasha, mwambie utarudi kesho. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando kama chai ya maziwa, yamkini maji yameingia kwenye oili, na gasketi ya silinda hedi ni ya kushukiwa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji. Mita ya kilomita hurudishwa nyuma, kwa hiyo tazama pia mpira wa pedali umelika kiasi gani. Tairi nalo lina tarakimu nne za tarehe: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama kashata zake bado nzima. Namba ya chesisi ilingane na ya kwenye kadi. Isipolingana, ondoka, usisikilize maelezo.

Nenda na fundi wako mwenyewe, umlipe wewe, wala si yule anayeletwa na dalali. Mimi niliona ujira wake ni hasara.

Akishaangalia mafuta ya breki, pedi na mipira yake, hapo ndipo mlipeleke Uluguru. Sisi wa Morogoro tumejaliwa mlima wa kupimia magari. Wakati wa kupanda, macho yawe kwenye kipimo cha joto, na masikio kwenye gia. Kuteremka, tumieni gia ndogo, na watoto wabaki nyumbani.

Gari langu lipo pale chini ya mwembe. Mwanafunzi anayetaka kujifunza kukagua, baada ya chakula aje, nitamfungulia bonneti. Litakuwa limeshapoa.